Gauni Lililovuka Mji wa Subirani

Nchi ya Subirani haimo katika atlasi za shule, na mwalimu wa jiografia akiulizwa sababu hutoa adhabu badala ya jibu. Lakini ipo. Bi Mwatumu binti Shekue, fundi wa magauni ya harusi kutoka Tanga, alishuka stesheni ya mji wake mkuu siku ya Alhamisi, saa sita na nusu mchana, begi begani, na mikononi mwake mfuko mrefu wenye gauni jeupe, akiwa ameubeba mbele yake kama mtu anayebeba mtoto aliyelala.

Gauni hilo lilikuwa la mia mbili na kumi na moja tangu aanze kushona. Lilikuwa la Kidawa, binti ya kaka yake, ambaye Bi Mwatumu alimlea tangu hana meno ya mbele. Kidawa alikuwa muuguzi katika mji huo, na alikuwa anaolewa siku ile ile, kwenye ukumbi ulio chini ya nyumba anayoishi.

Sheria ya ndoa ya Subirani ni fupi na haina huruma. Bibi harusi ni mwanamke aliyevaa gauni jeupe lenye shela na mkia usiopungua dhiraa mbili. Asiyevaa hivyo si bibi harusi, hata akilia. Tena Msajili wa Ndoa alikuwa amewasili ukumbini asubuhi hiyo baada ya kungoja teksi kwa miaka sita, na teksi hiyo ingerudi kumchukua saa kumi kamili alasiri. Ikiondoka naye, zamu yake nyingine ilikuwa baada ya miaka sita. Kidawa alikuwa na miaka ishirini na tisa. Hakuna aliyehitaji kumfanyia hesabu hiyo.

Bi Mwatumu alitoka nje ya stesheni akauliza teksi ziko wapi. Hakuonyeshwa teksi. Alionyeshwa foleni.

Ilikuwa foleni ya heshima. Ilikuwa na paa la mabati, mapazia, miche ya nyanya kwenye makopo, timu mbili za bao na kwaya ya sauti nne. Kila mtu alikuwa na kiti chake chenye namba, na viti vya mbele vilikuwa na vitambaa vilivyofumwa kwa mkono. Kwenye kiti namba moja alikaa bwana mmoja mpole ambaye ndevu zake zilifika kwenye mkanda wa suruali.

"Habari za hapa, kaka," alisema Bi Mwatumu.

"Njema, dada. Karibu. Mimi naitwa Zamu. Mwenyekiti wa foleni."

"Umengoja sana?"

"Huu mwaka wa tisa."

"Pole. Na ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kwa kinyozi," alisema Bwana Zamu.

Bi Mwatumu alizitazama zile ndevu, akaona kwamba huyu ni mtu asiyesema uongo.

Alitaka kusogea aone foleni inaishia wapi. Filimbi ikalia.

"Mama, simama hapo hapo. Usishushe mguu."

Mguu mmoja ulikuwa hewani tayari. Alibaki hivyo, gauni mikononi, huku mwanamume aliyevaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikakata akija na chaki na kamba ya shanga. Kwenye kofia yake yalitariziwa maneno AFISA NYAYO.

"Umekwisha kanyaga hatua thelathini na moja," alisema. "Sasa shusha, taratibu. Thelathini na mbili." Alivuta shanga moja, kisha akapiga saluti. "Naitwa Kagua. Karibu Subirani. Umebakiwa na hatua nane mpaka kesho asubuhi. Nakushauri uzitunze, maana choo kiko hatua tatu, na kurudi pia ni tatu."

"Afande, mimi ninakwenda harusini. Nitatembea tu."

Foleni nzima iligeuka. Hata kwaya iliacha wimbo katikati. Bwana Zamu alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mgeni akinawa kwenye bakuli la mchuzi.

Afisa Kagua alimweleza bila ukali. Kutembea mjini humo hakukatazwi. Serikali si katili. Lakini mtu anayetembea hovyo anawaonyesha watu wote kwamba amekosa teksi, na kuonyesha kwamba teksi zimekosekana ni kulalamika. Basi zaidi ya hatua arobaini kwa siku nje ya nyumba huhesabiwa kuwa malalamiko kwa njia ya miguu, na malalamiko yana dirisha lake, na dirisha hilo liko upande wa pili wa mji.

"Watu hulifikiaje?"

"Kwa teksi," alisema Afisa Kagua.

Bi Mwatumu alikuwa mtu wa uzi na sindano, na alijua kwamba nguo ikikwama huvuti kwa nguvu, unatafuta ilikokwama. Akauliza teksi zenyewe zimekwenda wapi. Bwana Zamu alijibu, kwa kuwa wenyeviti wote wa foleni huapishwa kwa kuisimulia historia hiyo bila kusoma.

Zamani mji ulikuwa na teksi mia nne. Mtu mmoja akachelewa kwenye kikao, akasema teksi ni chache. Serikali, kwa kujali, ikaunda Tume ya Kuchunguza Uchache wa Teksi, ikaipa teksi kumi za kuzungukia. Tume ikarudi na kusema ni kweli, zimepungua kumi. Jambo likaonekana kubwa kuliko lilivyodhaniwa, Tume ikaongezewa wajumbe na teksi hamsini. Ikarudi, imeshtuka. Hivi sasa Tume ilikuwa na wajumbe mia tatu tisini na nane, kila mmoja na teksi yake, na inatoa taarifa kila mwaka. Ya mwaka huu ilisema uchunguzi umefika mahali pazuri.

"Kwa hiyo zimebaki teksi mbili," alisema Bi Mwatumu.

"Unahesabu haraka, dada. Lakini moja inafuatana na Tume kama ya akiba."

Simu ikaita. Alikuwa Kidawa.

"Shangazi, uko wapi? Msajili ameshakula biriani mara mbili, anaangalia saa."

"Niko hapa stesheni, mwanangu. Ukumbi uko mbali kiasi gani?"

"Sijui. Mimi nililetwa na gari la wagonjwa, halina madirisha. Tangu hapo ni nyumbani na wodini, ng'ambo ya barabara. Hatua kumi na nane."

Kwa kweli bwana harusi mwenyewe, Shaweji, alikuwa jirani wa mlango wa pili. Katika mji huo watu huoana jirani kwa jirani, kwa sababu bado hayajatokea mapenzi yaliyovuka hatua arobaini.

"Usilie," alisema Bi Mwatumu, "utaharibu wanja. Nakuja."

Alikata simu, akamgeukia Bwana Zamu amuulize umbali.

"Ukumbi wa Msajili? Miaka sita kutoka hapa," alisema Bwana Zamu. "Mji huu tunapima hivyo. Soko ni miaka minne. Mimi na kinyozi wangu, tisa na ushee."

Upepo ukabadilika kidogo, na kutoka mahali fulani nyuma ya majengo ikasikika sauti ya matarumbeta. Yalikuwa yanapiga wimbo wa kumtoa bibi harusi, yanaufikia mwisho, yanaurudia, kwa namna ya watu waliolipwa kuanzia saa tano.

"Kama ni miaka sita," alisema Bi Mwatumu, "mbona nayasikia?"

Bwana Zamu alitega sikio. "Nadhani ni matarumbeta yenye sauti kubwa sana."

Saa nane Bunge la Foleni likaketi kwa dharura kumjadili mgeni. Mjumbe wa kiti cha kumi na tisa alitoa hoja kwamba gauni ni kitu na mtu ni mtu, kwa hiyo kila kimoja kingoje kwenye kiti chake. Mjumbe wa kiti cha arobaini akapinga, akasema gauni halina miguu, na kisicho na miguu hakiwezi kukosa teksi. Kwaya ikaombwa itoe maoni, ikaimba. Hoja ikapita kwa kura nyingi, ikagundulika kwamba hakuna aliyeandika ni hoja ipi. Katika yote hayo hakuna aliyemtukana mwenzake, na mama mmoja alimletea Bi Mwatumu chai ya tangawizi na kitumbua, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, naye akasimama. Walikuwa watu wema. Walikuwa wamekaa tu.

Saa tisa na robo teksi ikatokea.

Foleni nzima iliinuka. Teksi ilikuwa ya njano, imeng'arishwa, na ndani yake alikaa mtu mmoja mnene peke yake kwenye kiti cha nyuma. Alishusha kioo. Alikuwa Mwenyekiti wa Tume.

"Ndugu wananchi," alisema, "swali la utafiti. Je, mnaona kwamba kuna uchache wa teksi?"

"Ndiyo, mheshimiwa," foleni ikajibu kwa sauti nne.

"Vizuri. Inalingana na mwaka jana."

Bi Mwatumu alitumia hatua mbili katika zile nane kulifikia dirisha. "Mheshimiwa, nina harusi ya mwanangu saa kumi. Una viti vitatu vitupu. Nichukue mimi na hili gauni, nitakaa hata kwenye buti."

Mwenyekiti alisikitika kwa dhati. "Mama, ningependa. Lakini nikikupakia, kesho utasema teksi zipo, na utafiti wa miaka kumi na minne utakuwa umeharibika." Akapandisha kioo. Teksi ikaondoka polepole, ikiwa na nafasi ya kutosha watu watatu na mkia wa gauni.

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Matarumbeta yalianza tena, na safari hii tarumbeta moja ilikosea noti, kama mpigaji ameshaanza kuchoka kuamini.

Hapa lazima lisemwe jambo moja kuhusu Bi Mwatumu. Katika duka lake kulikuwa na sharti lisilovunjwa: gauni la harusi halivaliwi na mtu yeyote kabla ya mwenyewe. Hata kwa kujaribu. Hata kulibana kifuani mbele ya kioo. Alikwisha kumfukuza mwanafunzi mmoja kwa kosa hilo, mwanafunzi hodari wa kutia shanga. Na yeye mwenyewe hakuwahi kuvaa gauni jeupe maishani. Aliolewa ofisini kwa mkuu wa wilaya, kwa khanga, kati ya shauri la mbuzi aliyekula mihogo ya watu na ombi la leseni ya baiskeli, na baada ya kutia saini marehemu mumewe aliwahi zamu kiwandani.

Aliutazama ule mfuko. Kidawa alirithi mabega ya upande wa shangazi yake, na nyonga pia.

"Afande Kagua," aliita. "Bibi harusi anaruhusiwa hatua ngapi?"

Afisa Kagua alitoa kitabu cha kanuni mfukoni, akalowesha kidole. "Bibi harusi hatembei. Hupelekwa. Hatua zake hazihesabiki."

"Na wanaompeleka?"

"Nao hawatembei. Wanapeleka."

"Na bibi harusi ni nani?"

"Mwanamke mwenye gauni jeupe, shela, na mkia usiopungua..." Afisa Kagua aliinua macho. Aliutazama mfuko, akamtazama yeye, akautazama mfuko tena. "Lakini mama, wewe ni mtu mzima."

"Kanuni inataja umri?"

Alifungua kurasa, mbele na nyuma. Shanga zilimning'inia mkononi bila kazi. "Haitaji."

"Inataja bwana harusi?"

"Inasema atakuwapo mbele ya safari."

"Basi yupo mbele ya safari," alisema Bi Mwatumu. "Kina mama, naomba khanga."

Khanga sita zikainuliwa zikawa chumba. Ndani ya chumba hicho Bi Mwatumu alifungua mfuko, akajitia ndani ya gauni. Mama wa kitumbua alifunga vifungo vya mgongoni, ishirini na nne, akisema, "Vuta pumzi, dada. Usiitoe." Khanga ziliposhushwa, foleni iliona kitu ambacho kwa miaka mingi haikuwa imekiona: mtu aliye tayari kuondoka.

Ilikuwa saa tisa na nusu kamili.

"Nani atashika mkia?" aliuliza Bi Mwatumu.

Kila mmoja alikishika kiti chake. Kuacha kiti Subirani si jambo dogo. Wapo walioachiwa viti na wazazi wao. Kisha Bwana Zamu akainuka. Alikikunja kitambaa cha kiti namba moja, akakiweka mfukoni, akaushika mkia kwa mikono miwili.

"Mwenyekiti, na nafasi yako je?" aliuliza mjumbe wa kiti cha pili, kwa sauti ya mtu ambaye maisha yake yamebadilika ghafla.

"Chukua," alisema Bwana Zamu.

Mjumbe wa kiti cha pili alikitazama kiti kile, akatazama msafara unavyojipanga, kisha akaja kushika mkia upande wa kushoto. Baada yake hapakuwa na haja ya hoja wala kura. Kwaya ilikwenda kwa sauti zake nne, timu za bao zikaja zimekumbatia mbao, na mama wa kitumbua akapiga kigelegele kilichowaamsha njiwa wa stesheni. Kanuni inasema msafara wa bibi harusi utatanguliwa na afisa anayepuliza filimbi. Afisa Kagua alirekebisha kofia, akatangulia, na tangu aajiriwe ilikuwa mara ya kwanza kuvuka mstari wa chaki.

Waliyafuata matarumbeta. Mtaa wa kwanza uliisha, na watu wakashangaa kwamba mitaa huisha. Kwenye kona ya pili ndugu wawili waliokuwa wakiandikiana barua miaka kumi walitoka kuchungulia, mmoja mlango wa mbele, mwingine mlango wa nyuma, wakagundua kwamba nyumba zao zimepeana migongo. Wakajiunga, wakisomeana barua ambazo hazijatumwa. Kwenye madirisha watu walirusha maua, na waliokosa maua wakarusha mchicha.

Mtaa wa tatu kulikuwa na duka lenye kiti cha ngozi mlangoni. Kinyozi alikuwa amesimama kando yake, taulo begani, kama aliyesimama hivyo kwa muda mrefu.

"Wewe ni Zamu?" aliuliza.

"Ndiye mimi."

"Umechelewa."

"Siwezi kuingia. Nimeshika mkia wa watu."

Kinyozi alichukua mkasi na kitana, akafunga mlango, akaanza kazi huku wanakwenda. Alinyoa kwa mwendo wa filimbi, kushoto, kulia, kushoto.

"Nywele zisiangukie gauni," alisema Bi Mwatumu bila kugeuka.

"Naziweka mfukoni, bibi harusi."

Hakuna aliyekuwa amemwita hivyo katika miaka yake hamsini na saba. Alivuta pumzi, akakumbuka vifungo, akaitoa kidogo kidogo.

Kwenye njia panda walizikuta teksi. Zilikuwa mia tatu na zaidi, zimesimama mstari mmoja, kwa sababu kanuni inazitaka zipishe harusi. Mwenyekiti wa Tume alishusha kioo.

"Hawa wote wanakwenda wapi bila sisi?" aliuliza.

Lilikuwa swali zuri, na kwa kuwa halikuwa na jibu ndani ya teksi, alishuka kulifuatilia. Wajumbe wengine wakamfuata, maana hakuna mjumbe anayependa matokeo yapatikane yeye hayupo. Wakaingia kwenye msafara na madaftari yao, na baada ya hatua mia madaftari yakawa ya kupepea, na baada ya mia mbili mjumbe mmoja wa takwimu alikuwa anacheza.

Dereva mmoja aliiendesha teksi yake tupu pembeni mwa Bi Mwatumu. "Bibi harusi, panda. Viti vinne, vyote vyako."

"Asante, mwanangu."

"Panda basi, hata kwa kuniheshimu. Tangu nipate leseni nimebeba mjumbe tu, sijabeba abiria."

Bi Mwatumu alitazama mbele. Mwisho wa mtaa ukumbi ulikuwa unaonekana, na mpigaji tarumbeta aliyekuwa mlangoni alikuwa ameushusha mdomo wa tarumbeta yake na kuwatumbulia macho. "Tumeshafika," alisema. "Lakini egesha uje ule biriani."

Waliingia saa kumi kasoro dakika nane. Msajili wa Ndoa aliona gauni jeupe, shela, na mkia wa dhiraa mbili na nusu ulioshikwa na mwanamume aliyenyolewa upande mmoja. Hakuhitaji zaidi. Alifungua kitabu.

"Bibi harusi amewasili. Bwana harusi asogee."

Shaweji alisogea, kwa kuwa ni kijana mtiifu, akamtazama bibi harusi kupitia shela, rangi ikamtoka. "Shikamoo, shangazi," alisema.

"Marahaba. Usiogope. Nipe dakika tatu nikakuletee wako."

Chumbani Kidawa alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, wanja umefika mashavuni. Alipomwona shangazi yake mlangoni alisimama. Bi Mwatumu alimpa mgongo ili afungue vifungo, na ilikuwa afadhali, kwa sababu alilokuwa nalo lilisemeka vizuri zaidi kwa kuutazama ukuta.

"Nimelivunja sharti langu mwenyewe, mwanangu. Nimelivaa kabla yako. Na chini limeshika vumbi."

Vifungo vilifunguka, kimoja, viwili, vitatu.

"Lilikupendeza?" aliuliza Kidawa.

Bi Mwatumu alifikiri. "Lilinipendeza sana."

"Basi na mimi litanipendeza," alisema Kidawa, na mara gauni likawa mwilini mwake. "Geuka, uninyooshee shela. Bado lina joto lako."

Waliozwa saa kumi kasoro dakika moja. Teksi ya Msajili ilifika kwa wakati, ikapiga honi mara tatu. Msajili alikuwa anacheza na mama wa kitumbua, akaifanyia ishara kwa leso kwamba atakwenda kwa miguu.

Serikali ya Subirani haikulala. Wiki ile ile iliunda Tume ya Kuchunguza Uchache wa Abiria, yenye wajumbe wale wale, na ili utafiti usiharibike ikaamriwa watembee. Kiti namba moja bado kipo stesheni. Bwana Zamu hukaa hapo Jumapili jioni, kidevu kinang'aa, kwa mazoea tu na kwa ajili ya kwaya.

Bi Mwatumu aliondoka Jumamosi. Alitembea kutoka ukumbini hadi stesheni, na alipofika alimkuta Afisa Kagua amesimama kwenye mabaki ya mstari wake wa chaki, na karatasi mkononi. Ilikuwa na mhuri na nembo. Ilithibitisha kwamba Bi Mwatumu binti Shekue alikuwa bibi harusi wa Jamhuri ya Subirani, Alhamisi, kuanzia saa tisa na nusu, kwa muda wa dakika ishirini na mbili, na kwamba hatua zake hazihesabiki.

Ameitia fremu akaitundika dukani, juu ya cherehani. Wateja wanaokuja kupimwa huisoma, na kila mmoja huuliza lile lile: bwana harusi alikuwa nani?

"Hatukumngoja," husema Bi Mwatumu, na kuwaambia wanyooshe mikono.